Mashine Moja ya Kujengea Pale Mlowo

Siku ya kwanza kazini Mratibu wa mradi alinikabidhi chumba kimoja Mlowo, nyuma ya ghala la kahawa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja isiyo na mfuniko na feni ya mezani ya kuipuliza. Akaniuliza nina cheti gani. Nikamwambia nina darasa la nne na mikono. Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mtu wa kupima maneno. Akasema, "Mikono itatosha. Cheti hakiwezi kufungua hiyo kompyuta."

Kabla ya hapo nilikuwa Tunduma. Nilianza na redio, miaka ile biashara ilipofunguliwa na redio za kila namna zikawa zinavuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Nikaingia kwenye televisheni, kisha kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua kilichokufa, nikakitazama mpaka nikajua kimekufa kwa nini. Nawaandikia nyinyi wenye vyeti ukutani, msidhani kazi hii ilianza na nyinyi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya programu huria. Maana yake, maandishi yake yako wazi: anayetaka anayasoma, anarekebisha panapomkera, anatuletea. Yetu ilikuwa ya zahanati, ya kumwonyesha mhudumu mtoto yupi anatakiwa chanjo ipi na lini. Mwanzoni waandishi walikuwa watatu tu: wa Vwawa, wa Ileje, na mmoja wa Nakonde aliyeniita bashikulu, yaani babu kwa Kibemba, wakati ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi.

Sasa, anachoandika mtu kompyuta haikielewi kama kilivyo. Lazima kisagwe, kama mahindi yanavyosagwa kabla ya kuwa ugali. Kusaga huko tunaita kujenga. Baada ya kujenga, mashine hufanya majaribio yenyewe, halafu mimi napiga muhuri wa siri ambao kompyuta za zahanati huutambua. Bila muhuri wangu hakuna toleo lililoingia zahanati yoyote. Mwanzoni ujenzi ulichukua dakika arobaini.

Kisha tukakua. Wakaja wanafunzi wa Mbeya, wakaja watu wa nchi za mbali ambao Momba hawajawahi kuiona hata kwenye ramani. Mratibu alifurahia kila jina jipya. Mimi niliona kitu kingine: kila jina lilikuja na mabadiliko yake, na kila badiliko na majaribio yake. Dakika arobaini zikawa saa tano. Umeme ukikatika saa ya nne, unaanza upya. Niliomba mashine ya pili. Mratibu akasema muhuri ukae mahali pamoja, asije mtu akapenyeza uchafu. Alikuwa na hoja. Na mimi, niseme kweli, nilipenda iwe moja, na iwe yangu.

Nikaweka utaratibu: aliyetangulia kufika hutangulia kujengewa. Mimi nimekaa Tunduma miaka mingi nikitazama lori likirushwa mbele kwa sababu dereva anajuana na mtu, huku nyanya za mwenzake zinaozea barabarani. Niliapa kwangu hilo halitatokea. Watu walinisifu kwa hilo, na nilivimba kichwa.

Basi toleo moja nililolijenga na kulipiga muhuri lilikuwa na kosa. Mtoto ambaye kadi yake ilifunguliwa zahanati nyingine, programu ilimhesabia umri tangu siku aliyoandikishwa upya, si tangu azaliwe. Majaribio hayakuliona kosa hilo, kwa sababu walioyaandika ni watu wa mjini na wa milimani Ileje, ambako mtoto hukulia alikozaliwa. Kule bondeni Momba wapo wafugaji wanaohama na ng'ombe. Nesi Tabu wa zahanati moja ya huko ndiye aliyeligundua, akatuandikia. Tumpe, mwandishi wetu wa Ileje, akalitengeneza mchana mmoja, kisha akanipigia simu.

"Shikamoo mzee. Naomba langu litangulie."

"Marahaba. Liko la kumi na tatu."

"Namba yake naijua. Kuna mtu mbele yangu anabadilisha rangi ya kitufe."

"Alifika kabla yako."

"Mzee, hii si foleni ya malori."

"Foleni ni foleni, binti yangu."

Akasema kliniki ya kule ni mara moja kwa mwezi na imebaki wiki. Nikamjibu kila dereva ana mzigo unaooza. Nilijiona nimetenda haki.

Mashine niliiwasha mchana tu, na umeme wiki hiyo ulikatika mara tatu. Siku ya kliniki ilipofika, la Tumpe lilikuwa la nne kwenye foleni. Nesi Tabu alikuwa ametumwa kijiji kingine, na mhudumu mgeni aliyeachwa alisoma kioo kama kilivyoandika. Akina mama kumi na mmoja waliotembea tangu alfajiri, wenye watoto wa miezi tisa waliokuja kwa chanjo ya surua, waliambiwa bado, warudi baadaye.

Niliposikia nilijenga la Tumpe, na kwa kuwa mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha, nikalipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Nesi Tabu alinipokea mlangoni. "Karibu fundi. Umekuja peke yako, au na foleni yako?"

Nikaweka toleo jipya, naye akanionyesha majina kumi na moja kwenye kitabu. Kumi alikuwa amewafuata hadi majumbani akawachanja. Wa kumi na mmoja, boma lilikuwa tupu; walikuwa wamehamisha ng'ombe kuelekea Rukwa.

Nilirudi nikamwambia Mratibu nimekosea. Akauliza, "Tukupe mashine ya pili?"

"Nipe watu," nikamwambia. "Muhuri washike watatu, wawili wakikubaliana toleo litoke. Na awepo wa kusoma kilichomo kwenye foleni, si kuhesabu tu."

Wa kwanza kupewa alikuwa Tumpe. Majaribio yakagawanywa kwenye mashine za Vwawa, Mbeya na Ileje, na ujenzi ukarudi chini ya saa moja. Macho yalipoanza kunisumbua nikang'atuka.

Katika miaka yote hiyo niliandika jaribio moja tu, Tumpe akinielekeza mstari kwa mstari. Ni la mtoto wa miezi tisa aliyehama. Nasikia bado lipo, na kila toleo linapojengwa linaanza na yeye. Programu ikimwambia bado, ujenzi unasimama mpaka apatiwe haki yake. Mtoto mwenyewe, yule wa boma tupu, nilimuulizia kwa Nesi Tabu kila mwaka. Kila mwaka alinijibu kwamba hawajarudi.