Kidonge cha Radoy Karadzhov

Tangu atoke jeshini, Radoy Karadzhov hakuwahi kumeza dawa kwa hiari yake. Maumivu ya magoti aliyatibu kwa rakia, pombe kali ya matunda, na matusi. Mkewe Genoveva, fundi cherehani asiye na maneno mengi, akaona liwalo na liwe. Kila asubuhi alisaga kidonge kimoja kati ya vile alivyoandikiwa yeye kwa pumu, akakikoroga kwenye mtindi wa mzee. Magoti yakanyooka. Radoy akatangazia kijiji kizima kwamba rakia imemponya, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Kwaresima ikaingia. Nyumba ile ilifunga kikwelikweli: nyama hakuna, mtindi hakuna. Basi na kidonge nacho kikafunga, maana kwenye supu ya maharage uchungu wake ungejulikana mara moja. Wiki ya pili Radoy akajikata kidole akipogoa mizabibu, akakizungushia kitambaa, akaendelea na kazi. Siku nne baadaye alikuwa hajitambui, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Genoveva alisimama nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo, akiwasikia madaktari wawili wakibishana. Sumu ya kidonda ilikuwa imeenea kwenye damu, presha imeporomoka, na dawa ya kuipandisha haikuwa ikifua dafu. Daktari mzee, Kalpakov, alitaka mgonjwa achomwe steroidi papo hapo. Daktari Milcheva, mkuu wa kitengo ingawa kwa umri angeweza kuwa binti yake, alikataa. Utafiti mmoja unasema zinaokoa, mwingine unasema wanaokufa ni wale wale, na sukari inapanda juu. Tungoje kidogo, alisema.

Steroidi. Genoveva alilijua neno hilo: ndivyo vilivyokuwa vidonge vyake. Daktari wake wa pumu alimwonya asiziache ghafla hata siku moja. Hakuwahi kufikiri kwamba onyo lile lilimhusu pia mtu asiyejua kwamba anazimeza. Akisema, huenda akafungwa, na Radoy akipona atamfukuza. Asiposema, atamzika. Akausukuma mlango.

"Mwanangu, hizo mnazobishania, mume wangu amezila miaka mitatu," alimwambia Milcheva. "Kwaresima ilipoanza nikaacha kumpa."

"Nani alimwandikia?"

"Hakuna. Nilimtilia kwenye chakula. Hajui."

Milcheva akamwagiza nesi achome sindano. Mwili wake umesahau kujitengenezea steroidi zake, Kalpakov alisema polepole, wala hakujigamba.

Kesho yake mchana presha ilikuwa imetulia. Madaktari waliendelea kubishana kuhusu wagonjwa wengine wote. Kuhusu Radoy walikuwa na kauli moja: vidonge atarudi navyo nyumbani, avipunguze kidogo kidogo, na safari hii avimeze mwenyewe, kwa kujua.

"Utamwambia wewe, shangazi, au nimwambie mimi?" Milcheva aliuliza.

Genoveva alikuwa ameomba usiku kucha mumewe afumbue macho. Sasa yalifumbuka, yakazunguka chumbani yakimtafuta, yakamwona. Hofu iliyompata Genoveva ilipita hata ile ya mlangoni. Akavuta kiti, akakaa, akaushika mkono usio na bandeji.

"Radoy," alisema, "usinikasirikie mpaka nimalize."