Magazeti ya Batlareng

Mama Boipelo alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, kiasi kwamba nusu ya wanawake wa mji wetu wa Kanye, Botswana, wanaojua kutandika kitanda walifunzwa naye, na nusu ya hao wanamwogopa mpaka leo. Msichana akikojoa kitandani, hakumpiga wala hakumtangaza. Alimwamsha kwa saa aliyoijua mwenyewe, akamsindikiza msalani, na muhula haukuisha kabla tatizo halijaisha. Kwa hiyo tuelewane mapema: huyu hakuwa mtu wa kushindwa na mkojo. Ndiyo maana ilimchoma roho kushindwa na kiumbe ambacho kingeenea kwenye bakuli la uji na bado uji ukapata nafasi.

Kiumbe chenyewe kililetwa na bintiye. Boipelo alikuwa anafanya kazi Gaborone, akajinunulia mtoto wa mbwa wa jamii ile ndogo ya kizungu, mweupe, manyoya hadi machoni, halafu mwenye nyumba wake akasema mbwa hamtaki. Basi siku moja ya baridi kali akashuka kwenye basi na kikapu. "Ni kwa muda tu, mama," alisema. Watoto wetu wanalipenda neno hilo. Nusu ya vitu vilivyojaa stoo ya Mama Boipelo viliingia humo kwa muda tu.

Boipelo alikuwa amempa mbwa jina la Sukari. Mama yake akasema yeye hawezi kusimama uani anaita sukari kama anayeomba kwa jirani. Kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe, naye akamwita Batlareng, yaani watasemaje, kwa sababu alijua kabisa kwamba watasema.

Wa kwanza kusema alikuwa wifi yake Seabe, dada wa marehemu mumewe, anayekaa boma la pili.

"Mbwa? Ndani ya nyumba? Wifi, umeishiwa na watu wa kukaa nao?"

"Ni wa Boipelo."

"Boipelo ni wa kuolewa! Washenga wanakuja kabla baridi haijaisha. Kaka yangu yuko kaburini, mimi ndiye nitakayesimama pale mlangoni kuwapokea. Sasa nisikilize vizuri. Nikinusa mkojo siku hiyo, jioni yake huyo anapanda gari kwenda kambi ya ng'ombe."

"Kule mbweha watammeza bila hata kutafuna."

"Basi mfunze. Si wewe ndiye bingwa?"

Lile neno bingwa lilimkaa Mama Boipelo kooni. Alianza kazi asubuhi iliyofuata. Alijifunika blanketi, akambeba mbwa, akamweka uani juu ya umande ulioganda. Batlareng akainua mguu mmoja, akautikisa, akauweka chini, akainua mwingine, akamtazama mama huyu kama mtoto aliyefukuzwa kwao bila kosa. Wakasimama. Baridi ikapanda kwenye magoti ya Mama Boipelo, yale magoti yaliyopiga deki maisha mazima. Hakuna kilichotokea. Wakarudi ndani, na mbwa hata hakufika jikoni. Alichuchumaa pale pale kizingitini, akamaliza haja yake yote kwa utulivu, kisha akatikisa mkia.

"Muda wote ule nje ulikuwa unatafuta nini?" Mama Boipelo alimuuliza. "Hebu niambie. Ulikuwa unahesabu nyota?"

Alikojoa chini ya meza, alikojoa nyuma ya kabati la vyombo. Siku moja alikojoa ndani ya ndara ya marehemu, ambayo Mama Boipelo alikuwa hajaiondoa kando ya kitanda, na siku hiyo mama alikaa kitandani akalia kwa hasira, kisha akacheka kidogo, kisha akakasirika tena kwa sababu ya kucheka. Nyumba nzima ilinuka siki aliyopigia deki. Mikono ilinuka siki. Hata ugali wa mtama aliuona kama una siki. Alikuwa amelea wasichana wa kila tabia, wezi, watoro, waliolia kutwa, na wote walikuwa na sikio la kusikia. Huyu masikio yalikuwa pambo tu.

Mwishowe akameza kiburi, akaenda kwa muuza dawa za mifugo. Kijana yule aliyezoea kuulizwa habari za kupe na mimba za ng'ombe alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, kibofu chake ni kama punje ya njugu. Hakukomoi. Usimpige, usimsugue pua. Akiamka, akila, akicheza, mpeleke mahali pale pale kila mara. Na baridi hii mtandikie gazeti karibu na mlango. Akifanya juu yake, msifu."

"Nimsifu?"

"Msifu kwa moyo, mama. Wanajua wakidanganywa."

Basi mtu mzima, mwanamke wa kanisa, akawa anasimama jikoni na blanketi mabegani anapigia makofi mkojo. "Ahaa, Batlareng! Ahaa, mwanaume wangu!" Seabe alimkuta hivyo, akachungulia dirishani, akaondoka bila kubisha hodi. Kwa Seabe, kuondoka bila neno kulikuwa tusi kubwa.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini wakati mwingine hata mbichi anakataa kukunjika. Mbwa alielewa gazeti, ila aliweka miguu ya mbele juu yake akaamini kwamba na matako yamefika. Mama Boipelo alitandika magazeti mawili. Akatandika manne. Aliokoteza magazeti ya zamani kwa majirani wote, na kila aliyempa alitaka kujua ya nini, na kila aliyejua alimwambia mwingine. Polepole, bila siku ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole, sakafu ikaanza kukauka. Batlareng akawa akibanwa anakwenda mwenyewe mbio, anaingia juu ya gazeti miguu yote minne, anamtazama mama, anangoja makofi yake. Bila gazeti hafanyi, hata umuue.

Ndipo washenga wakatuma habari kwamba wanakuja.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Boipelo alifanya jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mbwa aje. Alipiga magoti akapaka sakafu yote ya sebule polishi nyekundu, akaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka akaona uso wake. Halafu, kama ilivyo kwa kila mwanamke wa kwetu aliyepaka sakafu, akaifunika yote kwa magazeti, ukuta hadi ukuta, ili nyayo zisiiharibu. Alipanga kuyaokota alfajiri, kabla ya wageni.

Washenga wa kwetu wanajulikana: ukiwatarajia gizani wao wamefika gizani zaidi. Mama Boipelo alikuwa bado kwenye masufuria aliposikia wazee wanakohoa getini. Seabe akatokea na shali yake imebanwa pini kifuani, akamshika mkono.

"Ingia chumbani haraka. Siku ya posa mama wa binti haonekani."

"Wifi, magazeti..."

"Yakae! Wana vumbi la barabarani, waache wakanyage hayo. Nenda."

Akasukumwa chumba cha nyuma, alimokuwa Boipelo, aliyefika jana yake kutoka Gaborone, na kikapu cha mbwa. Mlango ukafungwa. Kwa baridi ile wajomba wa Boipelo waliamua mazungumzo yafanyike sebuleni badala ya uani, na viti vikasikika vikiburutwa. Hapo ndipo Mama Boipelo alipomtazama Batlareng, aliyekuwa amesimama mlangoni anakwaruza ubao, akakumbuka. Katika pilikapilika za asubuhi alikuwa amesahau kumtandikia gazeti lake jikoni. Na sebule nzima, ukuta hadi ukuta, ilikuwa choo.

"Boipelo," alinong'ona, "usifungue mlango huo hata nyumba ikiungua."

"Kwa nini, mama?"

"Usifungue tu."

Sebuleni walikuwa wakisalimiana kwa kirefu. Mbwa alilia. Mama Boipelo alimbeba, akamwekea blanketi la zamani chini, akambembeleza, akamsihi kwa jina la Mungu. Batlareng akalinusa blanketi, akamwangalia kama mtu aliyetukanwa, akarudi mlangoni. Kazi yote ile ya kumfunza, na leo kosa lake lilikuwa kufunzika. Mara mlango ukafunguliwa kwa nje, shangazi mmoja alikuwa anatafuta vikombe, na kitu cheupe kikapita kati ya miguu yake.

Kupitia ufa, mama na binti waliona yote. Batlareng alifika sebuleni akasimama. Ni wazi hakuwahi kuota neema ya namna hiyo. Akazunguka kwa mwendo wa tajiri, akanusa gazeti hili, akaliacha, akanusa lile, na mwisho akachagua lililokuwa kati ya viatu viwili vilivyong'arishwa vya Mzee Modise, mkubwa wa washenga, aliyekuwa katikati ya sentensi kuhusu ukoo wao. Akaingia miguu yote minne. Akachuchumaa.

Mzee Modise akanyamaza. Wazee wa makoti na akina mama wa shali wote wakanyamaza. Ulisikika mkojo tu juu ya karatasi, na ulikuwa mwingi.

"Toka!" Seabe aliruka. "Toka, mlaaniwa wee!"

Mzee akainua mkono. "Mwache amalize, mama. Hata mimi nisingependa kukatizwa."

Batlareng akamaliza. Akamtazama mzee usoni, akangoja. Mzee Modise akainama, akainua kona ya gazeti kwa vidole viwili, akachungulia sakafu. Palikuwa pakavu, pekundu, panang'aa.

"Huyu anafanya kwenye karatasi tu?"

Seabe alijinyoosha. Kisha akaiweka shali sawa, na chumbani Mama Boipelo hakuamini masikio yake.

"Kwenye karatasi tu, mzee. Katika boma hili hata mbwa anafunzwa. Binti je?"

"Kwangu nina wajukuu ambao hawajafika hapo," alisema Mzee Modise, na sebule ikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akapiga makofi mawili matatu ya kuchoka kwa kicheko. Batlareng akaridhika, akarudi chumbani.

Jua lilipopanda mambo yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe walikubaliwa, vigelegele vikapigwa, nyama ya kuponda ikaliwa. Washenga walipoondoka, Seabe alijitupa kwenye kochi akavua viatu, na Boipelo akaja amembeba Batlareng begani, uso umejaa furaha.

"Mama, amekuwa mbwa wa heshima kabisa! Mchumba wangu amepata nyumba yenye ua. Nikihamia naondoka naye. Umenisaidia sana."

Mama Boipelo alikuwa chini kwa magoti, anaokota magazeti. Hasira ilimpanda polepole, ya haki kabisa. Baridi yote ile. Siki. Ndara ya marehemu. Makofi.

"Alipokuwa anakojoa kila mahali alikuwa wa nani?"

"Mama, nilisema ni kwa muda..."

"Ng'ombe waliotajwa leo ni kwa ajili yako. Huyu hakuna aliyekuja kumwomba. Ukimtaka, tuma wajomba. Wavae makoti, waje alfajiri."

Boipelo alicheka, akamtazama shangazi yake ili wacheke pamoja. Seabe alikuwa anajikanda vidole vya miguu.

"Na wasije mikono mitupu," alisema Seabe.

Boipelo akarudi kumtazama mama yake, na kicheko kikamwisha, kwa sababu Mama Boipelo alikuwa bado amepiga magoti na hakuwa anacheka hata kidogo.

"Unaondoka wewe, mwanangu," alisema. "Inatosha."

Boipelo akamweka mbwa chini. Mama yake akachagua gazeti moja kavu, akalikunjua, akaenda kulitandika karibu na mlango wa jikoni.