Mkeka na kitenge

Fides alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa ana mwaka wa sita akioka mikate katika duka moja mjini Gahanna, Marekani. Hakuwahi kulionea aibu neno kambi mpaka siku Eliakunda alipolitumia.

Eliakunda, mwanafunzi kutoka Moshi aliyefanya kazi hapo, ndiye aliyekuwa mkalimani wake kwa mama mwenye duka. Asubuhi ile mama alitaka keki ya kwao Uswidi, ile nyembamba inayopakwa jamu na kuviringishwa ingali moto. Fides alipoitoa kwenye oveni na kuipaka jamu, Eliakunda alimtupia neno moja tu: "Ikunje."

Akaikunja mara mbili, kama mtu anavyokunja kitenge. Ikapasuka katikati.

Eliakunda akacheka, akamwambia mama kwa Kiingereza kwamba huyu katoka kambini, keki kaionea huku. Fides hakukisema Kiingereza vizuri, lakini alielewa kila neno. Akamgeukia.

"Kitenge kinakunjwa, na mkeka unakunjwa, kaka. Ungesema kama mkeka, ningekuelewa."

Akatoa keki ya pili. Alikuwa na hasira, lakini mikono iliiviringisha taratibu, kama ilivyokunja mkeka wa kulalia kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Keki haikupata ufa hata mmoja.

Mama akaitazama, akauliza amejifunzia wapi. Eliakunda akainamisha macho.

"Mjibu wewe," Fides akamwambia. "Neno kambi unalijua kwa Kiingereza."