Kikwembe ya Kondoo Dume

Tata, baba yangu, alifuga ku Sandoa bakondoo ba zamani ba kwetu, ba manyoya fupi na mukia mupana. Alipokufa, bandugu bakabakula mu kilio, karibu bote. Mi niliokoa dume moja na majike mbili, nikabaleta Kolwezi, nyuma ya jikoni yetu ya Dilala. Dume ile njo alikuwa wa mwisho. Akikufa bila kuacha mutoto dume, bakondoo ba tata bamekwisha, na mi sikutaka bakwishe mu mikono yangu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakata kwato, unaweka chumvi, unafunua jicho: kama ndani ni nyeupe, minyoo imemumaliza. Taabu ni majira. Jike anabeba mimba miezi mitano, kwa hiyo tata alikuwa anafungulia dume mwezi wa kumi na moja, kusudi batoto bazaliwe mvua ikienda kukwisha. Mutoto wa kondoo akizaliwa mu mvua kubwa, anakohoa, unazika. Miezi ingine yote dume anafungwa kitambaa chini ya tumbo, ya kumuzuia upumbafu wake. Tata alitumia ngozi. Mi nilitumia kikwembe, kitenge yangu ya kiuno.

Ilikuwa ile ya chama, yenye uso ya mukubwa wa inchi, tulipewa siye bamama tucheze nayo ku sherehe. Nguo ya nguvu, haipasuki, na mi nilichoka kuchezea batu benye kukaa mu kivuli. Sikuangalia uso itaangukia wapi. Iliangukia pale pale unapofikiri.

Bwana yangu, Mukasai wa kazi ya machimbo ya mine, mutu wa suti ya abacost safi na woga mingi, akaona.

"Wee bibi, unataka banifunge mu buloko?"

Nikamujibu dume hajalalamika. Hakucheka. Jumamosi ile, saa ya salongo, wakati kila mutu analazimishwa kufagia barabara, sekretere wa chama wa kartier, mutaa yetu, akapita kutafuta bavivu. Akafika mpaka nyuma ya jikoni.

Akainama, akatazama uso ile chini ya tumbo. Mi nilibanwa na kicheko kwanza, woga ikafuata. Akasema nguo ifunguliwe kwa heshima, ikunjwe vizuri, iwekwe ku meza. Bwana yangu akafungua. Halafu bakaingia mu nyumba kuongea, na dume akabaki uchi mu zizi.

Nikabasikia ku dirisha. Sekretere njo alianza:

"Tukule ile kondoo kesho, maneno ikwishe."

"Ndiyo, citoyen," bwana yangu akajibu.

Roho yangu ikauma. Lakini jike mukubwa alikuwa anaita tangu asubuhi, na mi nilijua anaita nini. Ilikuwa mwezi wa munane, majira mubaya kabisa. Nikabeba kinu, nikaiweka mbele ya mulango ya zizi, nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, polepole sana, kusudi mutu asipite. Nyuma yangu dume alifanya kazi yake.

Kesho yake, siku ya mungu, bakamuchinja. Mi mwenyewe nilipika, nikalia, nikasema ni kitunguu. Sekretere alikula mara tatu, akarudisha kikwembe, bibi yake alikuwa ameifua na kuipiga pasi.

Mu mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati, jike akazaa. Dume, mukia mupana. Akaanza kukohoa siku ya pili. Nikamulaza mu jikoni pembeni ya mbabula, jiko yenye makala ya moto, nikamubadilishia majani makavu asubuhi na mangaribi, nikamukamulia mama yake na kumunywesha na kijiko. Bwana yangu alinung'unika nyumba inanuka, lakini njo yeye alikuwa anaongeza makala. Juma ya tatu mutoto akapiga teke beseni na kukimbia.

Sherehe ilipofika, nikafunga ile kikwembe ku kiuno. Sekretere akanisifu mbele ya batu: huyu mama leo anachezea inchi. Mi nilikuwa nawaza dume ya tata, na kwa mara ya kwanza nilicheza na roho yote.