Rozari Niliyoirefusha

Dhahabu ilipoonekana kijijini kwetu, huku Tarime, baba alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Baba mdogo, nduguye wa tumbo moja, alikuja asubuhi na jembe, akang'oa katani za mpakani, akazipanda upya hatua arobaini ndani ya shamba letu. Mama alipomuuliza, akamjibu, "Shemeji, tangu lini mwanamke akawa na mpaka?" Wiki ile ile alianza kuchimba duara, shimo la dhahabu, katikati ya mahindi yetu. Hatukuwa na shamba lingine.

Mama alisema tumwachie Mungu. Mimi nilimwachia kweli, ila nikampa na maelekezo. Nilisali novena baada ya novena kwa nia moja tu: lile shimo limfunike. Sioni aibu kusema. Nilimchukia mpaka chakula kikawa hakinipiti.

Jumuiya yetu ilisali nyumba kwa nyumba kila Ijumaa saa tisa alasiri. Zamu yetu ilipofika, mama akamwalika na yeye! Alikuja na buti zenye tope, akaninong'oneza kwamba ana haraka. Vibarua wake walikuwa wamepumzika, na saa kumi ilikuwa lazima ashuke mwenyewe kukagua magogo yanayozuia kuta, la sivyo hawaingii.

Aliyeongoza rozari siku hiyo nilikuwa mimi. Nilijua goti lake la kulia ni bovu tangu alipoanguka na pikipiki, kwa hiyo nikatangaza kwamba leo tunapiga magoti mwanzo hadi mwisho, bila mkeka. Matendo ya uchungu, ambayo peke yake yalitosha kwa Ijumaa, niliyasali taratibu kama mtu anayechambua mchele. Yalipoisha nikaongeza ya utukufu, halafu litania nzima. Watu walikohoa. Yeye jasho lilimtoka, akanitazama kwa macho ya kuomba, nami nikajifanya simwoni. Kuinuka katikati ya rozari mbele ya jumuiya nzima asingethubutu. Raha niliyoipata siku ile, Mungu anisamehe, sijawahi kuipata tena.

Saa kumi ilikuwa imeshapita, tukiwa bado kwenye litania, tuliposikia mshindo kutoka shambani. Tulikimbia. Shimo lilikuwa limejifukia lote, na ndani hamkuwa na mtu.

Kesho yake baba mdogo alikuja akichechemea, akazirudisha katani mahali pake, moja moja, kwa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza akanishika mikono, machozi yakimtiririka.

"Binti yangu, Mungu alikutumia. Ungeharakisha jana, leo mngekuwa mnanizika."

"Si nilikwambia?" mama akaniambia.

Niliitikia amina, kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Shamba letu lilikuwa limerudi lote, na mimi nilisimama juu yake nikijilaumu: ningesali rozari fupi ya kila Ijumaa, angewahi shimoni.