Dereva wa Kaisari

Kuna harufu ya plastiki iliyopata moto pamoja na vumbi ambayo vijana wa siku hizi hawaijui. Ni harufu ya mashine ya video iliyofanya kazi tangu asubuhi bila kupumzishwa. Juzi nilipitia Soko la Burma kununua nyama, nikakuta fundi mmoja wa redio amefungua mashine kuukuu ya namna hiyo na kuiwasha ili ajue inaugua nini. Moshi wa nyama choma ulikuwa umejaa soko zima, lakini pua yangu iliuruka ikaenda kuchagua ile plastiki. Papo hapo nikawa na miaka saba, nimeketi kwenye mkeka huko Kaloleni, na nimekasirika.

Nilijiapia kwamba nikiisimulia hadithi hii, sitawafanyia wasomaji nilivyofanyiwa mimi. Kwa hiyo nawaambia mapema: baba yangu alikuwa amekufa. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akapata ajali kwenye barabara ya Mombasa, akazikwa kwao Kitui. Mtaa wetu mzima ulijua, mpaka na muuza mboga. Asiyejua ni mimi. Wiki hiyo niliugua surua, nikaachwa kwa jirani yetu Mama Kioko ninyweshwe uji, na mama aliporudi kutoka mazishini aliniambia baba amesafiri. Kwenda wapi? Kongo. Kwa nini hakuniaga? Ulikuwa umelala. Wakati ule mtoto mdogo hakuambiwa habari za kifo. "Akikua ataelewa," wakubwa walisema, wakafunga mjadala. Wahenga walituambia mficha maradhi kilio humfichua. Hawakujua kwamba Kaloleni kuna watu wanaoweza kukificha hata hicho kilio.

Sasa, baba alikuwa na rafiki aliyeitwa Salim, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, ambaye alikuwa amehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu na kugeuza sebule yake kuwa chumba cha video. Alipigilia blanketi dirishani, akapanga mabenchi, na mbele kabisa akatandika mkeka wa watoto. Kazi yake haikuwa kubonyeza vitufe tu. Filamu zilikuwa za Kiingereza cha haraka, kwa hiyo Salim alipunguza sauti ya televisheni, akasimama kando yake na kuwasemea watu wote waliokuwa mle ndani ya kioo: wafalme, wezi, wachumba, hata mbwa.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Rumi ya kale, na kanda yake aliileta baba kutoka Mombasa. Ilihusu mtumwa mmoja, mwendeshaji wa magari ya farasi, aliyekuwa na binti mdogo. Seneta aliyemmiliki alimwahidi kwamba akishinda mbio za mwisho mbele ya Kaisari, yeye na bintiye wataachwa huru. Basi. Ilichukua karibu saa tatu kufika kwenye hizo mbio, na katikati kulikuwa na vita, homa, na karamu nyingi za watu waliolala kwa ubavu wakila zabibu. Lakini mbio zenyewe zilitosha kumfanya mtu asahau chakula.

Katika kinywa cha Salim, seneta alikuwa diwani mla rushwa na askari wa Kirumi walikuwa makarao, polisi wa barabarani. Shujaa hakuwa na jina jingine ila Dere, dereva kwa kifupi. Magari yalipoanza kuzunguka ule uwanja, Salim alishika usukani wa hewani na jasho likamtoka.

"Cheki Dere! Cheki Dere anavyokata kona, wasee! Anapanda mlima wa Mlolongo na mzigo wote, anabadilisha gia, makarao wameachwa kwa vumbi!"

Watu walipiga mabenchi. Baba, alipokuwa hai, aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, na kila Dere alipokata kona aliniita kutoka kule nyuma, "Mwende! Huyo ni nani?" Nami nilijibu kwa sauti ya kutoboa bati, "Ni wewe!" Chumba chote kikacheka. Hapo mama alituma mtu kutuita tukale, na kwa kuwa baba alimwogopa mama kuliko makarao, tuliondoka. Ndiyo sababu mpaka anakufa nilikuwa sijauona mwisho wa filamu.

Baada ya hiyo safari ya Kongo nilianza kwenda peke yangu, na niliapa sitatoka mpaka nijue ilivyokwisha. Katika hesabu yangu ya kitoto, Dere alikuwa baba. Kama Dere ataachwa huru akarudi nyumbani na bintiye, basi baba naye yu njiani. Hakuna aliyenifundisha hesabu hiyo, na ilinikalia kichwani kuliko zote za shuleni.

Dere alishinda. Farasi walivuka mstari, umati ukainuka, na yeye akateremka kwenye kigari chake, akapiga hatua mbili tatu na kuanguka mchangani. Binti yake alikimbia kutoka kwenye ngazi. Alipomfikia na kupiga magoti kando yake, Salim alipaza sauti kuliko wakati wote.

"Amezimia tu, wasee! Ni hilo jua! Atapewa maji saa hii ainuke!"

Kisha akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheupe. "Kanda imeisha. Asanteni, kila mtu kwao."

Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Amezimia tu. Kanda imeisha. Nyingine tena, vivyo hivyo. Kwenye ile kanda kulikuwa na kidirisha kidogo, na macho yangu hayakuwa na kasoro: upande mmoja utepe ulikuwa bado umejizungusha, mnene kama kidole.

"Anko Salim, imebaki."

"Hayo ni matangazo tu, mwanangu."

Nilitaka kulia kwa hasira, na siku moja nililia. Kilichonichanganya zaidi ni watu wazima. Hao walikuwa wanaume wa reli na wa kanjo, yaani baraza la jiji, watu ambao picha ikitetemeka kidogo tu walimtukana Salim mpaka na bibi yake. Lakini kanda ilipozimwa kabla ya mwisho, hawakusema lolote. Waliinuka, wakajikung'uta, na kutoka mmoja mmoja wakinipita pale mkekani. Mmoja wao alinishika kichwa. Niliwaona mafala, na nikawachukia kwa kukubali kupunjwa kirahisi hivyo.

Aliyenifungulia jambo hilo ni Halima, mpwa wa Salim, aliyekuwa akija kwa mjomba wake mwisho wa juma. Tulikuwa kwenye foleni ya mfereji na madebe yetu, nami nikamwambia kwa majivuno kwamba Dere akiamka atanunua farasi wake mwenyewe.

"Aamke wapi?" Halima alisema. "Dere alikufa. Wanamchoma kwa kuni."

"Muongo! Amezimia."

"Anko husema hivyo ukiwa ndani. Ukikosa kuja anaiacha mpaka mwisho, na watu wanalia."

"Muongo wewe!"

"Alikufa! Kama tu fathe yako! Kila mtu anajua isipokuwa wewe!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote. Mmoja alimfinya Halima sikio na kumvuta kando. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba Halima amesema uongo. Niliacha debe langu pale likifurika, nikaenda mbio kwa Salim.

Alikuwa ameifungua ile mashine, anaisafisha kwa pamba na spiriti. Sikumuuliza kuhusu baba. Mpaka leo nashangaa kwa nini. Labda mtoto naye anajua ni swali lipi litamvunja.

"Anko, Dere alikufa?"

Alichovya pamba yake tena kwenye spiriti. Naamini alijua ninachouliza. Kutoka mferejini hadi kwake hakukuwa mbali, na Halima hakujaliwa sauti ndogo.

"Hapana, mama," alisema. "Amezimia."

"Wallahi?"

Salim alikuwa mtu wa msikitini, hakuapa ovyo. Alifunika mashine, akasema, "Nenda nyumbani, Mwende. Mama yako anakutafuta."

Mama kweli alikuwa ananitafuta, habari ilikuwa imeshamfikia. Nilipomweleza alichosema Halima, nilingoja aseme si kweli. Badala yake aliuliza, "Nani mwingine alikuwepo?" Kisha akajifunga leso kiunoni na kutoka. Sijui walivyoelewana na Salim, lakini Halima hakuletwa tena Kaloleni, na ile kanda ya Rumi ikaharibika, eti ilitafunwa na mashine. Yaani katika mtaa mzima alipatikana mtu mmoja wa kuniambia ukweli, akafukuzwa. Mimi nikarudishwa kwenye uongo wa Kongo.

Nilikaa huko miaka. Nilikuwa darasa la saba wakati mama, tukichagua maharagwe kwenye ungo, alipouliza bila kuinua uso, "Unajua baba yako alifariki, sivyo?"

Sivyo! Kana kwamba ni habari za mvua. Nikasema, "Najua." Akasema, "Haya," tukaendelea kutoa vijiwe. Matanga yalikuwa yamekwisha, waombolezaji walishakula wakatawanyika, na kulia peke yangu baada ya muda wote huo ningeonekana natafuta visababu.

Baada ya kuinusa ile mashine pale Burma nilirudi nyumbani nikaitafuta filamu hiyo mtandaoni. Ipo. Niliitazama Jumapili alasiri, na sauti yake yote, bila Salim. Ni filamu ya kuchosha, niseme ukweli, na Kaisari anahutubia kama mbunge. Lakini nilivumilia, na nikafika pale mchangani. Dere hakuzimia. Anamuuliza bintiye kama farasi wamenyweshwa maji. Binti anasema, "Ndiyo, baba." Halafu Dere anakufa, kwa muda mfupi kuliko unaochukua kufunga viatu.

Kisha ikaja ile sehemu nene kama kidole. Wanamlaza juu ya kuni, na mwenge anapewa binti. Ana miaka saba hivi. Wakubwa wanampisha, anakwenda mbele kabisa, anaushika kwa mikono miwili na kuwasha moto yeye mwenyewe. Hakuna anayempeleka kwa jirani akanyweshwe uji.

Nililia mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Sasa naelewa ambalo sikulielewa pale mkekani. Wale wanaume hawakuwa mafala. Kila Jumamosi waliutoa sadaka mwisho wa filamu wanayoipenda, ili mtoto wa mwenzao asione. Walinipenda. Lakini bado nina hasira nao, na sioni ni kwa nini nilazimishwe kuchagua moja.

Nikampigia mama simu Kitui. Sikusalimia vizuri. Nilimuuliza siku ile ya kumzika baba, ilipofika zamu ya mtoto kutupa udongo kaburini, walifanyaje.



"Nilitupa wangu," mama alisema. "Halafu nikainama tena, nikatupa wako. Nikamwambia, huu ni wa Mwende."

Hata hilo hakuwahi kuniambia.