Shikamoo ya Upepo

Bibi Emerensiana hapokei shikamoo ya upepo. Hapa Katandala, Sumbawanga, watu walilijua hilo kabla ya kulijua jina lake. Shikamoo ya upepo ni ile unayomrushia mkubwa wako huku miguu inaendelea na safari. Ukimrushia yeye, haidaki. Anaiacha ianguke barabarani, halafu anakuita kwa jina lako na la baba yako urudi kuiokota.

Usimlaumu. Kwao Mpui, alikozaliwa, mtoto akikutana na mkubwa anasimama, anachutama, anapiga makofi ya taratibu yasiyoshtua hata kuku, kisha ndipo anafungua mdomo. Ziko nchi watu wanasalimiana kwa nyusi. Kwetu Ufipa salamu ni kazi, ina mikono na magoti, na mtu aliyelelewa vizuri hata kama anakimbizwa na nyuki atatafuta namna.

Aliletwa Katandala na marehemu mumewe, fundi Urbano, wakati pale penye nyumba za bati leo palikuwa mashamba ya ulezi matupu. Mwenyewe husema barabara inayopita mbele ya nyumba yake haikuletwa na serikali, ilitengenezwa na nyayo zake akienda kisimani. Alizaa, akazika, akasomesha kwa kuuza pombe ya komoni na maharage, na sasa anaishi na mjukuu wake Anjela, mtoto wa shule ya msingi mwenye meno makubwa kuliko umri wake. Shule iko ng'ambo ya hiyo barabara ya nyayo.

Shida ilianza greda lilipopita. Barabara ilinyooka, ikalala kama mkeka, na bodaboda wakaigundua. Waliokuwa wakizunguka njia ya sokoni wakaanza kukatiza mbele ya Emerensiana kwa mwendo wa kwenda kuzima vita. Shikamoo zilimpita sikioni zikiwa zimekatika katikati: "Shika..." na mtu keshafika shuleni.

Asubuhi moja ya baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba inayomfanya mgeni avae soksi mikononi, kijana Wiliam alikuja na pikipiki yake akamkuta Anjela anavuka. Alishika breki, lakini vumbi halina adabu. Pikipiki ikateleza, Anjela akaanguka, mkono ukavunjika na kufungwa hogo jeupe la plasta lililomfanya awe maarufu darasani. Wiliam alikuja kuomba radhi akiwa na mama yake na jogoo. Emerensiana akampokea mama, akampokea jogoo, na Wiliam akaambiwa akae nje kwanza atafakari.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Fabiani, mtu mwema ambaye hofu yake kubwa maishani ni kukosea utaratibu. Fabiani akamweleza kwamba tuta la barabarani linaombwa, linapimwa, linaingizwa kwenye bajeti. Emerensiana alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Basi wewe omba, mwanangu. Sisi tunachimba."

Akawatoa akina mama wa jumuiya yake ya kanisani kwa majembe na karai, wakaimba, wakasomba udongo na mawe, na kufikia jioni tuta lilikuwa limelala barabarani kama ng'ombe aliyechoka. Sitaki kumsema vibaya mama wa watu, lakini lile halikuwa tuta, lilikuwa mlima. Bodaboda walilipanda kwa gia ya kwanza wakalishuka kwa sala. Anjela na wenzake wakawa wanavuka wakipiga soga. Emerensiana alitembea mtaa mzima akieleza jinsi wahandisi wa mjini watakavyokuja kujifunza kwake.

Watu wa mjini walikuja kweli, ila hawakuwa wahandisi, wala hawakuja kujifunza.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanaanza kukagua anga kama kuna radi ya kutumwa na wachawi. Waache wakague. Maafa yetu ya mwezi wa nane yanatembea chini: nyasi zimekauka, upepo wa nyanda za juu hauombi ruhusa, na cheche moja ya jikoni inaweza kula nyumba tatu kabla hujavaa viatu. Ndiyo maana mtendaji wa kata, Lydia, binti mpole wa sauti ndogo na msimamo mkubwa, aliitisha mkutano akatangaza zoezi la kujiandaa na moto. Kila mtaa uchague nyumba moja ijifanye inaungua, watu wajifunze kutoka, na gari la zimamoto lije lipimwe litafika kwa haraka kiasi gani.

Mtaa ulichagua nyumba ya Fabiani, kwa sababu cheo kina gharama zake. Siku ya zoezi waliwasha lundo la nyasi mbichi uani, moshi ukapanda vizuri, mke wa Fabiani akatoka nje akilia kwa ufundi hadi majirani wakaingiwa na wasiwasi wa kweli. King'ora kikasikika. Gari jekundu likaingia barabara ya Emerensiana, dereva wake Vitus, mtoto wa Mpui vilevile, mrefu, mtulivu. Likafika kwenye tuta. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakakataa. Gari likabaki tumbo juu ya tuta, kama mbuzi aliyevimbiwa, king'ora kinalia na tairi zinachezea hewa.

Walilisukuma, wakalichimbulia, watoto wakashangilia kila likitikisika. Lilipofika kwa Fabiani, mke wake alikuwa ameshauzima moto wake kwa ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, na alikuwa anamenya viazi.

Lydia hakugomba. Alimwita Emerensiana pembeni, akamwamkia inavyotakiwa, akachutama, akapiga makofi, kisha akasema tuta litoke. Matuta ya kitaalamu, mapana na mafupi, ameshayaomba, lakini yatakuja na bajeti, na bajeti haijafika.

"Na Anjela avuke vipi?" Emerensiana aliuliza.

"Bibi, na ikiungua nyumba na Anjela yumo ndani?"

Emerensiana ana jibu la kila kitu. Aliwahi kumjibu katekista katikati ya mafundisho. Siku hiyo alijifunika kitenge chake vizuri, akaenda nyumbani.

Tuta likavunjwa na wale wale akina mama waliolijenga. Yeye hakugusa jembe. Alisusa. Na kususa kwa Emerensiana hakufanyiki ndani ya nyumba ambako hakuna wa kukuona. Kesho yake, mapema kabla watoto hawajaanza kwenda shule, alibeba kigoda chake, ungo na gunia la maharage, akaenda kuketi ukingoni mwa barabara palepale tuta lilipokuwa, magoti yamegusa njia. Alitaka serikali ipite imwone na ijione.

Serikali haikupita. Alipita Wiliam, na abiria nyuma.

"Shika..."

"Wiliam wa Teodori," Emerensiana alisema, wala hakupaza sauti. "Umeangusha kitu."

Pikipiki ikasimama mbele kidogo. Ikarudi kinyumenyume. Sasa fikiria mwenyewe: kijana ana deni la mkono wa mtoto, mama yake anasali jumuiya moja na huyu bibi, na makofi ya salamu hayapigwi ukiwa umeshika mkono wa mafuta wa pikipiki. Wiliam akazima injini. Akatega stendi. Akachutama, akapiga makofi. Abiria, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amechelewa, akaona aibu kubaki juu kama sanamu, naye akashuka akachutama.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Na mgongo wake?"

Mgongo ulikuwa na habari ndefu. Watoto wa shule walivuka wote huku mgongo unaelezwa.

Siku hiyo kila aliyekatiza pale alikutana na hayo. Kijana asiye wa Ufipa, aliyetokea Mbeya, alijitetea kwamba kwao hawapigi makofi. Akaambiwa hakuna neno, atafundishwa, na akafundishwa mpaka akapatia. Kijiweni vijana walilalamika. Mmoja alishauri wapite njia ya sokoni, wenzake wakamkumbusha inavyozunguka. "Mshikaji," Wiliam akawaambia, "ukija polepole anakuona unamheshimu, anakupokea hapohapo. Ukija mbio ndiyo anakuuliza ukoo mzima." Wakajaribu, wakakuta ni kweli. Tangu hapo pikipiki zikawa zinanyong'onyea kuanzia kwenye duka la kona, zinafika kwa bibi zinatembea kama zinaingia kanisani.

Emerensiana hakuona lolote. Alikuwa na hasira, na hasira inaziba macho. Kila siku alipukuchua maharage yake akinung'unika kwamba wamemnyang'anya tuta na hakuna anayemsikiliza. Lydia ndiye aliyemfunua. Alikuja siku moja watoto wanatoka shule, akasimama naye wakamwangalia Anjela anavuka na hogo lake lililojaa majina ya marafiki, anavuka taratibu, anarudi kuokota penseli, anavuka tena, na bodaboda wawili wamesimama wakimsubiri.

"Bibi, toka ukae hapa umesikia pikipiki imekimbia?"

Emerensiana akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Akakohoa. Akasema ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Lydia alicheka, kisha akatoa lililomleta. Zoezi linarudiwa wiki ijayo. Gari likichelewa tena, barabara hii itafungwa hata kwa waendao kwa miguu na kuzibwa mawe upande wa juu mpaka bajeti ije, na watoto watavukia kule kwenye barabara kubwa ya malori yanayokwenda mpakani Kasesya. Kwa hiyo siku hiyo bibi asiwepo pale.

"Nisiwepo kwangu?"

"Basi uwepo, ila Vitus asisimame."

"Mimi sijamsimamisha mtu. Wanasimama kwa malezi yao."

Lydia akaenda kwa Vitus kumwonya asisimame kwa sababu yoyote. Vitus alikuna kichwa. Akasema moto anaujua, maji anayajua, lakini kumpita mama yule bila makofi, mama yake mwenyewe akisikia kule Mpui, atalala wapi siku ya mapumziko? Lydia akarudi ofisini na wasiwasi mkubwa kuliko alivyotoka.

Siku ikafika. Upepo ulivuma wa kuvua kofia. Moshi ukapanda kwa Fabiani, mke wake akaanza kilio, safari hii na shuka kichwani. Mtaa wote ulijipanga kando ya barabara, haukumtazama Fabiani wala moshi wake. Ulimtazama Emerensiana, aliyeketi kwenye kigoda na ungo mapajani, amevaa kitenge cha Jumapili.

King'ora kikakaribia. Gari likakunja kona ya duka, kubwa, jekundu, linatingisha madirisha. Halafu likaanza kupunguza mwendo.

Emerensiana alimwona Vitus kupitia kioo. Alimwona amekaza shingo, macho mbele, anajitahidi kama mtu anayezuia chafya. Akaona mkono mmoja umeachia usukani. Akaona wa pili unautafuta wa kwanza. Kijana wa watu alikuwa anataka kupiga makofi na gari la maji mkononi.

Ilikuwa salamu nzuri kuliko zote alizowahi kudai, na ilikuwa inakuja kwake mbele ya mtaa mzima. Ungo ulimtulia mapajani. Kisha akatazama moshi, jinsi upepo unavyoulaza juu ya bati la Fabiani kuelekea bati la jirani, na kutoka bati la jirani kuelekea lake yeye, ambamo Anjela hulala mchana akitoka shule.

Akasimama. Maharage yakamwagika. Akashika kigoda kwa mkono mmoja, akarudi nyuma hadi kwenye ua wake, na mkono wa pili akaupunga kama anafukuza kunguru shambani.

"Vitus! Leo sidai! Pita, utanisalimia ukirudi."

Mikono ikarudi kwenye usukani. Gari likanguruma, likapita, vumbi likawafunika wote, na mke wa Fabiani hakuwa hata amefika ubeti wa pili wa kilio chake. Maji yaliruka juu ya lile lundo kwa nguvu iliyozima moto, ikabomoa banda la bata, na kumlowesha mwenyekiti aliyekuwa amesimama karibu kwa ajili ya utaratibu. Lydia alipiga vigelegele, halafu akakumbuka cheo chake, akaacha.

Emerensiana aliokota maharage yake. Alirudisha kigoda palepale, akaketi, akangoja.

Gari lilirudi bila king'ora. Lilipofika kwake, Vitus akazima injini. Akashuka, na wenzake wote wakashuka, na kofia zao ngumu na mabuti yao mazito, wakachutama mstari mmoja barabarani, makoti yanavuja maji. Wakapiga makofi. Yalitoka mazito, puf, puf, hayasikiki.

Emerensiana akageuza sikio.

"Vueni hizo glovu," akasema. "Hayo ni makofi ya kuwapigia wagonjwa."

Wakavua. Nyuma ya gari bodaboda walikuwa wameshajipanga foleni, Wiliam wa kwanza, injini zote zimezimwa, kila mmoja akingoja zamu yake, na hakuna aliyethubutu kupiga honi. Anjela alivuka kwenda dukani, akarudi, akavuka tena kwa raha zake tu. Na Vitus alikuwa bado amechutama, kwa sababu bibi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye kuuliza hali ya mama yake.